Kifungo kidogo cha kongelateri na pesa ya machimbo

Papa anarudi ku machimbo ya Banalia ao ya Bafwasende, mama anabaki na kongelateri. Mu nyumba mingi za wachimbaji hapa Kisangani, kazi imegawanywa vile. Ndani ya ile kongelateri mutakuta maji ya sashe, juisi, thomson, samaki wa mto, pengine nyama ya jirani ambaye hana frigo. Na wakati shimo linakaa miezi miwili, mitatu bila kutoa kitu, ni ile sanduku nyeupe inayolipa minerval ya watoto.

Ndiyo maana tumependa leo kuongea juu ya kifungo kimoja kidogo, kile cha kuzungusha, chenye namba 1 mpaka 7, kinachokaa chini ao nyuma ya kila kongelateri. Mafundi wanakiita termostati. Kila mahali tunapopita, kuanzia Makiso mpaka Mangobo, na ng'ambo kule Lubunga, tunakikuta kimekazwa mpaka mwisho. Ukiuliza, jibu ni moja: “Tunaweka ku saba ili ipate nguvu, juu courant itaenda.”

Hapo ndipo pesa inapotoka mu mfuko bila kelele. Kifungo hakitoi nguvu. Kompresa, ile moyo nyeusi inayonguruma chini, iko na mwendo mmoja tu: inazunguka ao inasimama. Ukiweka 2 inazunguka kwa nguvu ileile ya 7. Tofauti ni saa ya kusimama. Ku 2 itasimama mapema, ku 7 itasimama kama baridi imekuwa kali sana, ao haitasimama kabisa. Termostati ni kama mlinzi wa mulango. Habebi mizigo, anasema tu “ingia” ao “basi, inatosha”.

Nyuma ya kile kifungo kuna kitu chepesi. Ni mrija mwembamba kama waya wa muba, wenye gesi ndani, ambao ncha yake inagusa ukuta wa baridi. Joto likipanda gesi inavimba, inasukuma kibamba kidogo, umeme unapita. Joto likishuka gesi inanywea, umeme unakatika. Hakuna saa ndani yake, hakuna kumbukumbu. Haijui kama umeme ulikatika dakika moja iliyopita na umerudi sasa hivi. Kwa mji kama Oslo si taabu. Kwa Boyoma ni taabu kubwa, na tueleze kwa nini.

Umeme unaokwenda na kurudi

Kituo cha umeme cha mto Tshopo kilijengwa mu miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, kwa mji uliokuwa mdogo kuliko wa leo mara mingi. Kina mashine tatu, na kila mtu hapa anajua maana yake kama moja imelala. Mu Juni 2000, wakati wa vita ya siku sita kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda mu mji wetu, tulijifunza hata kuishi bila umeme wala maji ya bomba. Toka pale “délestage” imekuwa neno la nyumbani, watoto wanalijua mbele ya kujua kusoma.

Lakini giza lenyewe haliuwi kongelateri. Kinachoiuwa ni umeme kukatika na kurudi mbio. Wakati kompresa inazunguka, inasukuma gesi upande mmoja kwa presha kali, upande mwingine unabaki mwepesi. Ikisimama, pande zote mbili zinahitaji dakika tatu mpaka tano ili zilingane. Umeme ukirudi mbele ya hapo, kompresa inajaribu kuanza ikiwa na mzigo wote kifuani. Inashindwa. Inapata moto. Mutasikia “tik”, kisha kimya, kisha “tik” tena baada ya dakika kidogo: ni kile kilinzi chake cha joto kinachokata. Leo inaokoka, kesho inaokoka, siku moja waya zake za ndani zinaungua. Na kompresa mupya, pamoja na gesi na mukono wa fundi, ni pesa ambayo mwenye kuishi kwa karati anajua inatoka wapi.

Umeme wa chini nao ni mubaya. Kompresa ya kongelateri ya litre 200 mara mingi inakula wati 100 mpaka 150 ikisha kuzunguka, lakini ile sekunde ya kuanza inaomba mara tano ao zaidi. Volti zikishuka jioni, wakati mtaa wote umewasha, haipati ile nguvu ya kuanza. Stabilizateri inasaidia hapo, na ile yenye kuchelewesha umeme dakika kidogo ni bora zaidi. Wenye nayo waichunge.

Termostati yenye namba

Sasa iko termostati ingine, ya elektroniki, ambayo mutu anaweza kuipanga mwenyewe. Mafundi wa frigo wanaijua kwa jina la STC-1000. Ni kasanduku kadogo kenye namba nyekundu mbele, vifungo vine, na waya mrefu wenye ncha nyeusi ao ya chuma. Ile ncha inaitwa sonda, ndiyo inayopima joto. Bei yake ni ndogo sana mbele ya kompresa. Mu inchi za baridi wanatumia ndugu yake mukubwa kwa kupasha nyumba moto. Sisi tunaitumia kwa kinyume chake, na inafanya kazi vizuri vilevile.

Uzuri wake wa kwanza ni kwamba haukati kitu mu kongelateri. Inakaa kati ya prizi ya ukuta na fishi ya kongelateri, mu kasanduku ka plastiki ao ka mbao kavu. Kongelateri inabaki vile ilivyotoka dukani, na siku mukichoka nayo, munaiondoa.

Nyuma yake kuna matundu manane ya kufunga waya, na namba zimeandikwa. Ya 1 na ya 2 ni umeme wa kulisha chombo chenyewe. Ya 3 na ya 4 ni sonda. Ya 5 na ya 6 ni ya kupasha moto, ya 7 na ya 8 ni ya kufanya baridi. Kwa kongelateri, fundi anapeleka fazi ku 1, na kutoka hapo anaruka na waya mfupi mpaka 7. Netri inaenda ku 2, na kutoka hapo moja kwa moja ku prizi mupya ambayo kongelateri itachomekwa. Fazi ya ile prizi inatoka ku 8. Waya wa ardhi unapita bila kuguswa, toka ukuta mpaka prizi. Mwisho: ya 5 na 6 zinabaki tupu.

Tunasema “fundi” kwa makusudi. Volti 220 haziheshimu ujuzi wa kusikia kwa redio wala wa kusoma mu gazeti. Mwenye mukono wa umeme ataelewa mistari ya hapo juu mara moja. Mwenye hana, amuite yule mwenye nayo na amusomee. Na mbele ya kulipa, angalieni nyuma ya chombo: kuna za volti 220, kuna za 110, kuna za 12 kwa wenye batri na pano za jua. Zinafanana sura kama mapacha. Ile ya 12 mukiichomeka ku SNEL, itadumu sekunde moja.

Kifungo cha zamani cha kongelateri munakiacha ku 7, mara hii kwa haki. Kinabaki mulango wazi siku zote, na amri inatolewa na chombo kipya.

Kuhusu sonda: musitoboe ukuta wa kongelateri hata kidogo. Mirija ya gesi imefichwa ndani ya zile kuta, na kongelateri mingi za sasa ziko na gesi ya R600a, ambayo inawaka moto. Waya wa sonda ni mwembamba, unapita chini ya mpira wa kifuniko bila kuleta taabu. Ile ncha tunapendekeza muiingize mu chupa ndogo ya maji yenye chumvi, kisha mufunge na scotch. Bila ile chupa itapima hewa, na kila mara mteja anafungua kuchukua sashe, hewa ya joto inaingia, chombo kinashtuka, kompresa inaanza bure. Ndani ya chupa inapima ile bidhaa inavyosikia kweli.

Namba nne za kupanga

Munakaza kifungo cha S sekunde tatu, inaonekana F1. Ziko F nne, na ukimaliza unakaza kifungo cha kuzimia mara moja ili zishike. Hata umeme ukikatika wiki nzima, hazipotei.

F1 ni joto munalotaka. Hapa tunaachana na wale wanaosema namba moja kwa wote, juu inategemea munauzisha nini. Kwa samaki na nyama ya kukaa, −18, na hapo hakuna majadiliano. Lakini kwa mama ambaye anauzisha maji, juisi na bière tu, mu mji ambapo joto linazunguka 25 mwaka mzima, hakuna sababu ya kugandisha chupa kisha kuziyeyusha mbele ya mteja. Aweke 4. Kongelateri inageuka frigo kubwa, yenye kuta nene kuliko frigo ya kweli, na kompresa inapumzika sehemu kubwa ya siku. Chupa hazipasuki tena. Kwa mwenye grupe, lile ndilo litre la mafuta linalobaki mu bidon.

F2 ni nafasi kati ya kusimama na kuanza tena. Duka linatoka nayo ikiwa 0.5, na hiyo ni ndogo sana kwa kompresa. Wekeni 2. Mukiwa na F1 ku 4 na F2 ku 2, kompresa inasimama ku 4 na inangoja joto lifike 6 mbele ya kuanza. Ikibaki 0.5, itaanza na kusimama kama mutu mwenye kifafa.

F3 ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Ni dakika za kungoja mbele ya kompresa kuruhusiwa kuanza tena, 1 mpaka 10. Na inahesabu hata wakati umeme umetoka kurudi. Duka linatoka na 3. Kwa umeme wetu, wekeni 5, na mu mtaa ambamo taa zinapepesa kama macho ya mlevi, 8 ao 10. Mutaona taa ya baridi inamweka bila kompresa kunguruma: musimupige fundi simu, inangoja tu. Kama chombo hiki kingekuwa na ile F3 peke yake, bado kingestahili bei yake.

F4 ni ya kurekebisha kama sonda inadanganya kidogo. Tumbukizeni sonda mu kikombe cha barafu iliyopondwa na maji, ngojeni dakika kumi. Inapaswa kusoma 0. Ikisoma 1, wekeni −1 na mambo yameisha. Na siku mukisikia kelele na kuona EE, waya wa sonda umekatika. Mara mingi ni kifuniko kimeubana, ao panya.

Kuweka baridi akiba

Kuna swali ambalo watu wanatuuliza na liko na haki: kama umeme ni wa saa sita tu kwa siku, kwa nini tusimamishe kompresa? Si iendelee tu kukusanya baridi?

Kukusanya, ndiyo. Lakini baridi haikai mu hewa, inakaa mu barafu. Kongelateri tupu iliyofika −24 itakuwa ya vuguvugu haraka kuliko ile ya −15 iliyojaa. Kilo 10 za barafu, wakati zinayeyuka, zinameza joto la karibu kilowati-saa moja. Ni sawa na kazi ya siku nzima ya kongelateri ndogo. Basi zile chupa tupu za plastiki musitupe. Jazeni maji, acheni nafasi juu kwa sababu maji yakiganda yanavimba karibu sehemu moja juu ya kumi na moja, na zipangeni chini na pembeni, mahali hakuna bidhaa. Kwa wenye samaki, tieni gramu 100 za chumvi mu kila litre: ile barafu inayeyuka karibu −6 badala ya 0, na wakati inayeyuka inashika samaki wakiwa wagumu. Muandike “chumvi” juu ya chupa, juu watoto wana kiu.

Wenye grupe wana faida ingine. Bila namba, mutu anawasha jioni, anazima usiku, hajui kama ilitosha. Na namba mbele ya macho, siku −18 imefika unazima grupe palepale. Kuna usiku itakuwa saa mbili, kuna usiku itakuwa ine. Mafuta munayajua bei yake. Hatuandike hapa, juu itakuwa imebadilika mbele ya gazeti kufika Banalia.

Wizara ya kilimo ya Marekani inahesabu kwamba kongelateri iliyojaa na isiyofunguliwa inashika baridi saa 48, ya nusu saa 24. Hiyo ni hesabu ya kwao. Kwa joto letu, na kwa kongelateri ya okazioni yenye mpira uliochoka, musitegemee hiyo. Jaribuni mpira kwa karatasi: fungieni franka mia tano mu kifuniko, vuteni. Ikitoka bila kukamatwa, baridi nayo inatoka hapo usiku kucha, na hakuna termostati itakayorekebisha. Vilevile acheni nafasi ya mukono mmoja kati ya kongelateri na ukuta. Nyuma ao pembeni ndipo inapotolea joto.

Juu ya samaki tuseme neno gumu. Thomson aliyekaa bila baridi anaweza kutengeneza sumu inayoitwa istamini. Inaleta uso kuwasha, kichwa kuuma, kutapika, moyo kwenda mbio. Sumu hiyo haikufe kwa kuchemsha wala kwa kukaanga, wala pilipili haiifichi. Samaki akiwa bado na barafu ndani munaweza kumurudisha kuganda. Akiwa amelainika na ana joto la mukono, tena hamujui toka saa ngapi, hasara ni ya nyumba, isiwe ya mteja.

Ndugu walio ku baridi

Kuna jamaa za hapa ambazo ziko na mtoto ao shemeki kule Bruxelles ao Montréal, na ndio wanaocheka wakisikia habari hii, kwa sababu kwao termostati iko ukutani na inapasha nyumba. Wageni wengi wanafanya kosa lilelile la kwetu, kwa upande wa pili: wanatoka kazini na baridi mu mifupa, wanapandisha mpaka 30 ili nyumba ipate moto haraka. Haipati haraka. Chaudière inafanya kazi na mwendo uleule, inachelewa tu kusimama, na fakture inafika mwisho wa mwezi. Wizara ya nishati ya Marekani inasema kushusha digri 4 mpaka 6 kwa saa nane kwa siku, wakati watu wamelala ao wako kazini, kunaweza kupunguza gharama ya mwaka mpaka sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana zile za ukutani ziko na saa ndani, zinapangwa asubuhi hivi, usiku vile. Mukiongea nao ku WhatsApp, waambieni.

Na kwa wale wanaofuga, zile tundu za 5 na 6 tulizoacha tupu ndizo za moto. Taa mu sanduku, termostati ku 37.5, F2 ku 0.3, hewa ikizungushwa na kafeni kadogo, chombo cha maji ndani: ni kuveze ya mayai ya kuku, siku 21. Lakini kwa hiyo umeme wa SNEL peke yake hautoshi, inaomba batri. Kuku mama hana délestage.

Turudi ku kongelateri, kwa jambo moja linaloulizwa na wachimbaji wenyewe, wale wanaorudi nyumbani baada ya wiki tatu na hawajui kama umeme ulikatika siku mbili katikati. Chukueni kikombe, jazeni maji, gandisheni. Yakiisha kuwa barafu, wekeni juu yake kijiwe cha shimo, kidogo kama punje ya hindi, na mukiache mu pembe ya kongelateri. Ukirudi ukikuta kijiwe bado juu, samaki hawakuyeyuka. Ukikikuta chini ya kikombe, barafu ikiwa imekifunika, yote iliyeyuka kisha ikaganda tena, hata kama namba inaonyesha −18.